Francis Galton, Ujiji na Dadu za Makosa: Maisha ya Mwanatakwimu na Asili ya Namba za Nasibu

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa takwimu anayeandika programu ya kompyuta na kuiamuru itoe namba elfu moja za nasibu, zilizotawanyika kwa umbo la kengele, hupata jibu kabla hajapepesa jicho. Ni nadra kwake kujiuliza ni nani waliotangulia kuihitaji kazi hiyo, na waliihitaji kwa sababu gani. Makala haya yanaeleza maisha ya Francis Galton (1822–1911), Mwingereza ambaye mwaka 1890 alichapisha maelezo ya dadu tatu za mbao zilizofanya kazi hiyohiyo kwa mkono. Galton hakuwahi kufika Ujiji wala kuliona Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano habari za ziwa hilo zilipita mezani pake, na pamoja nazo vipimo vilivyopotoka. Kwa sababu hiyo tumechagua kuyatazama maisha yake tukiwa tumesimama ufukoni mwa Ujiji.

Makala yana hoja moja. Makosa ya kupima ni ya aina mbili. Aina ya kwanza tutaiita kosa la nasibu: hili huyumba huku na huku, mara juu mara chini, na hupungua pindi vipimo vinapokuwa vingi na kutafutiwa wastani. Aina ya pili tutaiita kosa la mwegemeo: hili huelemea upande mmoja daima, na wingi wa vipimo hauliondoi. Galton alilielewa kosa la nasibu kuliko wengi wa zama zake, hata akaweza kulitengeneza apendavyo. Kosa la mwegemeo alilijua katika vipimajoto. Katika hukumu yake juu ya watu, hasa watu wa Afrika, hakuliona.

2.0 Malezi na Safari za Mwanzo

Francis Galton alizaliwa tarehe 16 Februari 1822 karibu na Birmingham. Mama yake alikuwa binti wa Erasmus Darwin, kwa hiyo Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya mabadiliko ya viumbe, alikuwa binamu yake. Upande wa baba walikuwa mafundi na wafanyabiashara wa bunduki, na sehemu ya bunduki hizo iliuzwa katika biashara ya watumwa ya Afrika Magharibi. Utajiri uliomwezesha Galton kuishi bila ajira maisha yake yote ulikuwa na chimbuko hilo.

Alianza kujifunza udaktari Birmingham na London, kisha akasoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Baba yake alipofariki mwaka 1844, aliacha masomo ya udaktari na kushika safari. Mwaka 1845 hadi 1846 alipanda mto Naili hadi Khartoum, na mwaka 1850 alitua Walvis Bay na kupenya katika nchi za Waherero na Waovambo, katika Namibia ya leo. Humo alipima latitudo, longitudo na miinuko kwa bidii kubwa, na aliporejea Uingereza mwaka 1852 vipimo hivyo vilimpatia nishani ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Mwaka 1853 alimwoa Louisa Butler; hawakujaliwa watoto. Mwaka 1855 alitoa kitabu cha maarifa ya safari, kilichomfundisha msafiri mambo mengi kuanzia kuwasha moto wa kuni mbichi hadi kuvuka mto na mizigo.

3.0 Ujiji Mwaka 1858: Maji Yachemkayo

Katika miaka hiyohiyo ilifika London ramani iliyochorwa na wamisionari Erhardt na Rebmann waliokuwa Rabai, karibu na Mombasa. Ramani hiyo ilitokana na masimulizi ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliokwenda bara. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la kuchekesha, likienea tangu Ikweta hadi kusini. Leo tunajua kwamba wasimulizi walikuwa wakieleza maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Wasimulizi hawakukosea, aliyekosea ni mchoraji aliyeyachanganya maziwa matatu kuwa moja. Hili ni somo la kwanza la takwimu katika habari yetu: wastani wa vitu visivyo vya namna moja hauwi picha ya chochote.

Ili kuutatua utata huo, Jumuiya ya Jiografia iliwatuma Richard Burton na John Hanning Speke. Galton, aliyekuwa mmoja wa makatibu wa heshima wa Jumuiya tangu mwaka 1857, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia safari za namna hiyo. Msafara uliondoka Unguja Juni 1857, ukapitia Tabora, na ukafika ziwani Februari 1858. Burton hakuweza kutembea kwa maradhi, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Ujiji waliyoikuta ilikuwa mji wa soko: dagaa, chumvi ya Uvinza, mawese, pembe za ndovu na watumwa viliuzwa hapo, na ushanga ulitumika mahali pa fedha. Wenyeji walikuwa Wajiji. Waliochanganyika nao walikuwa Waswahili na Waarabu wa pwani pamoja na Wanyamwezi wa misafara.

Speke alitakiwa kupima mwinuko wa ziwa. Njia iliyotumika ilikuwa ya kuchemsha maji. Pwani maji huchemka katika nyuzi 212 za Farenhaiti. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi na maji huchemka mapema zaidi. Kila nyuzi moja inayopungua ni sawa na kupanda futi 500 na kitu. Njia ni rahisi na haihitaji chombo kizito, lakini udhaifu wake uko wazi: kipimajoto kikikosea kwa nyuzi moja tu, mlima mzima unazuka au kutoweka. Vyombo bora vya msafara vilikuwa vimeharibika njiani, na Speke alitegemea kipimajoto cha kawaida kilichosalia. Alipata takriban futi 1,850. Mwinuko halisi wa ziwa, ambao nao hubadilika kidogo miaka inapopita, ni kama futi 2,530, yaani takriban meta 770. Tofauti ya karibu futi 700 ni sawa na nyuzi moja na robo hivi.

Kosa hilo lilikuwa na athari kubwa. Mwaka 1864 Samuel Baker alilifikia ziwa aliloliita Albert na kulipa mwinuko wa zaidi ya futi 2,700. Waliolinganisha namba hizo mbili walisema kwamba maji ya Tanganyika hayawezi kupanda mlima kwenda Albert, kwa hiyo Tanganyika si chanzo cha Naili. Hitimisho lilikuwa sahihi, bali hoja ilikuwa batili, kwani kwa hakika Ziwa Albert liko chini kuliko Tanganyika. Makosa mawili yalikutana yakazaa ukweli kwa bahati. Burton, aliyeipigania Tanganyika, na Speke, aliyelipigania ziwa alilolifikia karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, walipangiwa kukabiliana katika mkutano wa Jumuiya ya Uingereza ya Maendeleo ya Sayansi mjini Bath, Septemba 1864. Galton alikuwa mmoja wa makatibu wakuu wa Jumuiya hiyo. Siku moja kabla ya mjadala, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Jambo jingine halina budi kutajwa hapa. Burton na Speke walipokwenda kwa mitumbwi hadi Uvira, kaskazini ya ziwa, wana wa mtawala wa huko waliwaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Habari hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Hivyo katika safari ileile chombo cha London kilidanganya kwa futi 700, na kauli ya wenyeji wa ufuko ilisema kweli. Hata hivyo ni namba iliyoaminiwa, na kauli ikaendelea kubishaniwa kwa miaka kumi na mitatu.

4.0 Kew na Brighton

Galton hakuwa mtu wa kudharau kasoro za vyombo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1850 alikuwa katika kamati iliyosimamia kituo cha Kew, karibu na London, ambako vipimajoto na vyombo vya mabaharia na wasafiri vilikaguliwa, na baadaye alikuwa mwenyekiti wake. Mwaka 1877 alieleza utaratibu wa kukagua vipimajoto vingi kwa pamoja kwa kuvitumbukiza katika maji ya joto moja na kuvilinganisha na kipimajoto cha kuaminika. Huo ndio ufumbuzi wa kosa la mwegemeo: chombo hakijisahihishi chenyewe, ni lazima kilinganishwe na kingine kilicho nje yake. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili hadi sehemu ya saba.

Mwezi Agosti 1872 Jumuiya ya Sayansi ilikutana Brighton, Galton akiwa rais wa sehemu ya jiografia. Mzungumzaji aliyengojewa kwa hamu alikuwa Henry Morton Stanley, aliyetoka kumkuta David Livingstone pale Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Wawili hao walikwenda pamoja kwa mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa na kushuhudia kwa macho yao kwamba Rusizi unaingia ziwani, kama wana wa mtawala wa Uvira walivyosema mwaka 1858. Galton alitaka mkutano usikilize mambo ya hakika ya kijiografia na si simulizi za kusisimua, na alilisema hilo waziwazi. Stanley alijiona amedharauliwa, na uhasama baina yake na wakuu wa jiografia ulidumu kwa muda mrefu.

Katika tukio hili Galton ana haki yake na ana lawama yake. Kutaka vipimo badala ya mbwembwe ni haki ya kila mwanasayansi. Lakini umakini wake ulikuwa na daraja: aliyepima alisikilizwa, aliyeandika magazetini alishukiwa, na aliyezaliwa ufukoni hakuhesabiwa kabisa. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika Ujiji, akalizunguka ziwa upande wa kusini, akaona mto Lukuga ukitoka magharibi kuelekea bonde la Kongo, na akatoa mwinuko wa karibu futi 2,700. Kipimo hicho kilizidi, cha Speke kilipungua. Mwinuko halisi uko kati yao.

5.0 Ubao wa Misumari na Dadu Tatu

Wasomi wa nyota, na hasa Laplace na Gauss, walikuwa wamekwishaonyesha mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kwamba makosa madogo mengi yakijumlishwa hujipanga kwa utaratibu maalumu: mengi hukaribia sifuri, machache huwa makubwa, na mchoro wake una umbo la kengele. Mbelgiji Quetelet aliuhamisha utaratibu huo kwenye vimo na vifua vya watu. Galton aliupokea kwa furaha iliyokaribia ibada. Alistaajabu kwamba vurugu, ikiwa kubwa ya kutosha, huzaa nidhamu.

Ili kulionyesha jambo hilo alitengenezesha mwaka 1873 ubao wenye kioo, uliopigiliwa misumari kwa safu, kila msumari ukielekea nafasi iliyo kati ya misumari miwili ya safu ya juu. Risasi ndogondogo zilimiminwa juu katikati. Kila risasi ilipogonga msumari ilikwenda kushoto au kulia, kisha ikagonga mwingine, hadi ikaangukia katika kimojawapo cha visanduku vya chini. Hakuna aliyeweza kusema risasi fulani itaangukia wapi. Lakini zote zilipokwisha kuanguka, lundo lake lilikuwa kengele. Chombo hicho alikionyesha mbele ya hadhara London mwaka 1874.

Ubao huonyesha umbo kwa jumla, lakini haufai kwa mtu anayetaka namba mojamoja za kufanyia hesabu. Galton alihitaji namba hizo ili azijaribu mbinu za takwimu: achukue data anazozijua, azitie makosa ambayo kanuni yake anaijua, kisha atazame kama mbinu itaweza kuurudisha ukweli. Mwaka 1890, katika jarida la Nature, alieleza dadu alizozibuni kwa kazi hiyo.

Dadu ya kawaida ina nyuso sita, na kila uso una uwezekano uleule. Galton aligundua kwamba kila uso wa mchemraba una kingo nne, na akaandika namba kandokando ya kila ukingo. Dadu ilipowekwa mbele ya mtu bila kuitazama, namba iliyosomwa ilikuwa ile ya uso wa juu iliyokuwa kwenye ukingo unaomwelekea. Hivyo dadu moja ilitoa matokeo 24 badala ya sita, yote sawa kwa uwezekano. Kisha eneo lote lililo chini ya umbo la kengele aligawanya katika sehemu 24 zilizo sawa, na kila ukingo ukapewa ukubwa wa kosa unaowakilisha sehemu yake. Karibu na katikati, ambako makosa ni mengi, namba zilisongamana; mbali zaidi ziliachana.

Ugumu ulikuwa kwenye mkia, yaani makosa makubwa yaliyo nadra. Kuyawakilisha yote kwa kingo chache kungeyafuta makosa makubwa kabisa. Kwa hiyo Galton aliacha kingo tatu za dadu ya kwanza bila namba. Zilipotokea, mtu aliiendea dadu ya pili, iliyobeba makosa ya mkiani peke yake. Dadu ya tatu ilikuwa na alama za jumlisha na toa, ili kuamua kama kosa liko juu au chini ya ukweli. Kipimo alichotumia ni ukubwa wa kosa ambao nusu ya makosa yote ni madogo kuliko huo. Tutaukiita hapa nusu-kosa.

6.0 Kutoka Dadu Hadi Programu ya Kompyuta

Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha zaidi kuliko hisabati, tuanze na jambo walijualo. Mpiga ramli wa pwani huchora nukta mchangani bila kuzihesabu, kisha huzifuta mbilimbili hadi ibaki moja au mbili. Safu nne za namna hiyo hutoa umbo moja kati ya maumbo 16. Tukiweka kando madai ya utabiri, hiki ni chombo cha nasibu: hutoa matokeo 16 yenye uwezekano unaokaribia kuwa sawa. Chombo cha namna hii tukiite chanzo sawia. Tatizo la Galton lilikuwa tofauti kidogo: ukiwa na chanzo sawia, utapataje nasibu isiyo sawia, yenye umbo ulitakalo?

Jibu lake ndilo linalotumika hadi leo. Kompyuta haina mkono wa kutikisa dadu. Huanza na namba moja iitwayo mbegu, huizidisha kwa namba kubwa iliyochaguliwa kwa uangalifu, huigawanya na kuchukua baki, na kurudia. Utaratibu huu, uliopendekezwa na Lehmer mwishoni mwa miaka ya 1940, hutoa namba zinazoonekana kutawanyika sawia kati ya 0 na 1, ingawa kila moja imetokana na iliyotangulia. Baada ya hapo programu huuliza: katika mtawanyo tuutakao, ni thamani gani iliyo juu ya sehemu hii ya jumla? Hilo ni swali lilelile la kingo 24, isipokuwa kingo sasa ni mabilioni.

Tuchukue mfano. Tuseme mitumbwi inafika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, bila ratiba, kwa wastani wa mmoja kila dakika 10. Ili kuiga muda wa kungoja, programu huchukua namba sawia, hutafuta logi yake asilia, na kuizidisha kwa 10 hasi. Namba 0.9 inatoa dakika 1.05, namba 0.5 inatoa dakika 6.9, namba 0.1 inatoa dakika 23. Namba zilizotawanyika sawasawa zimegeuka kuwa nyakati za kungoja ambazo nyingi ni fupi na chache ni ndefu, kama anavyozijua kila aliyewahi kungojea chombo ufukoni.

Kwa umbo la kengele hakuna kanuni nyepesi ya namna hiyo, ndiyo maana mbinu nyingi zimebuniwa, kama ile ya Box na Muller ya mwaka 1958. Mbinu moja inayotumika sana, iliyotolewa na Marsaglia na Tsang mwaka 2000, huligawanya eneo la kengele katika tabaka zenye ukubwa sawa, huushughulikia mkia kwa njia ya peke yake, na huamua alama ya jumlisha au toa kando. Atakayeilinganisha na dadu za mwaka 1890 ataona mpango mmoja: dadu ya mwili, dadu ya mkia, dadu ya alama.

Sasa tuzirudishe dadu Ujiji. Tuseme wasafiri wengi wanapima mwinuko wa ziwa kwa kuchemsha maji, vyombo vyao havina ila, na nusu-kosa lao ni futi 100. Dadu ikionyesha 0.43 na alama ya jumlisha, msafiri huyo ataandika futi 2,573. Ikionyesha 1.50 na alama ya toa, ataandika futi 2,380. Tukirusha mara 25 na kutafuta wastani, nusu-kosa la wastani huo litapungua hadi futi 20 tu. Lakini kosa la Speke la futi 700 ni nusu-kosa saba. Katika mtawanyo huu kosa la ukubwa huo hutokea chini ya mara moja katika 400,000. Kwa hiyo hatuna haki ya kuliita bahati mbaya. Ni mwegemeo wa chombo, na wasafiri 25 wenye vipimajoto vilivyopotoka kwa namna moja wangepata wastani uliopotoka vilevile, huku wakizidi kuuamini kwa sababu wanakubaliana.

Kompyuta nayo haikuepuka maradhi haya. Katika miaka ya 1960 ilienea programu iliyoitwa RANDU, ambayo namba zake zikipangwa tatutatu huangukia katika bapa 15 tu badala ya kujaza nafasi yote. Tafiti zilizoitegemea zilikuwa na wingi wa namba, na wingi huo haukuzisaidia.

7.0 Kosa Lisilofutwa na Wastani

Umaarufu wa Galton hautokani na dadu. Yeye ndiye aliyeonyesha, kwa vimo vya wazazi 205 wawiliwawili na watoto wao 928, kwamba watoto wa warefu hurejea upande wa wastani. Ndiye aliyeweka misingi ya kupima uhusiano wa vitu viwili mwaka 1888. Ndiye aliyetetea matumizi ya alama za vidole katika kitabu cha mwaka 1892. Mwaka 1907 alionyesha kwamba makisio 787 ya watu kwenye maonyesho ya mifugo kuhusu uzito wa ng'ombe dume aliyechinjwa yalikuwa na makisio ya katikati ya ratili 1,207, wakati uzito wenyewe ulikuwa ratili 1,198.

Mtu huyohuyo, katika kitabu chake cha mwaka 1869 juu ya urithi wa akili, aliyachukua madaraja ya umbo la kengele akayapanga mataifa ya binadamu juu yake, na kuwaweka Waafrika daraja mbili au zaidi chini ya Waingereza. Hakupima. Ushahidi wake ulikuwa ni hisia za wasafiri weupe walipokutana na wakuu weusi, yaani habari za namna ileile aliyoitilia shaka Brighton. Mwezi Juni 1873, mwezi ambao Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, gazeti la The Times lilichapisha barua ya Galton akipendekeza Wachina wahamishiwe katika pwani ya Afrika Mashariki ili hatimaye wachukue nafasi ya wenyeji. Mwaka 1883 aliunda jina la nadharia ya kuboresha kizazi kwa kuchagua nani azae, nadharia ambayo katika karne iliyofuata ilitumiwa kuhalalisha kuhasiwa kwa watu katika nchi kadhaa na, huko Ujerumani ya Wanazi, mauaji.

Ushahidi wa kumpinga haukuwa mbali naye. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alifika Ujiji na Burton na Speke, akarudi na Stanley, akarudi tena na Cameron. Jumuiya ya Jiografia ilimtunuku nishani ya fedha. Susi na Chuma waliongoza wenzao kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani pamoja na maandishi yake, na mwaka 1874 walikuwa Uingereza wakimsaidia mhariri kuyafasiri. Aliyekuwa na jicho la kupima angeona hapa vipimo vinavyokataa kukaa katika mchoro wake. Lakini chombo cha Galton kilikuwa kimepinda, na wote waliomzunguka walikuwa na chombo kilichopinda vivyo hivyo. Makubaliano yao aliyadhani kuwa uthibitisho. Kanuni ya Kew, kwamba chombo kilinganishwe na kingine kilicho nje yake, hakuitumia juu ya nafsi yake.

Galton alipewa cheo cha Sir mwaka 1909, na alifariki Haslemere tarehe 17 Januari 1911. Mali aliyoiacha ilianzisha kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha London, ambacho Karl Pearson alikuwa wa kwanza kukikalia. Mwaka 2020 chuo cha University College London kiliondoa jina lake katika ukumbi wa mihadhara uliokuwa ukiitwa kwa jina hilo.

8.0 Hitimisho

Je, mwanafunzi wa Kigoma anayeiga kwa kompyuta kupanda na kushuka kwa Ziwa Tanganyika, au kupungua kwa samaki wake, aziache mbinu zilizotoka mikononi mwa mtu huyu? Kwa maoni yetu, hapana. Dadu haina kabila, na umbo la kengele halikutungwa na Galton. Yeye alilikuta na akatafuta njia ya kulitengeneza. Isitoshe, ni mbinu zake wenyewe zinazotuwezesha kumhukumu kwa haki, kwa kuwa ndizo zinazotofautisha kosa linalofutwa na wingi na kosa linalokuzwa na wingi.

Lakini mwanafunzi huyo anapaswa kuchukua tahadhari moja. Programu itampa makosa ya nasibu kwa maelfu, yote yakiwa safi na yenye utiifu, na wastani wake utatulia vizuri kabisa. Utulivu huo hautamwambia kama data za mwanzo zilipimwa kwa chombo kilichonyooka. Kwa hilo itambidi ashuke ufukoni akaulize, kama ambavyo wana wa mtawala wa Uvira waliulizwa mwaka 1858, na, tofauti na wakuu wa London, alitie jibu katika hesabu zake.